Maji ya Mikono ya Vincent

Kama uliikosa ya wiki jana, hukukosa jambo geni. Vincent alifungua mdomo. Tangu tumjue bwana huyu mkasa wake ni huo huo mmoja, kinachobadilika ni mahali anapofukuzwa.

Kakamega alifukuzwa kwenye kwaya kwa kutaja dhambi za mwalimu wa kwaya ndani ya maombi ya kufunga ibada. Thika alifukuzwa godauni kwa kumweleza bosi, mbele ya wageni wa bosi, kwamba ananuka mdomo. Alimweleza kwa upendo, anavyosema mwenyewe. Ndipo akaja Garissa kumfuata mkewe Wilkister, mkunga wa zahanati moja mtaani Waberi, akatangaza kanisani kwamba ameitwa kuja kuhudumu. Nauli aliituma Wilkister, kwa hiyo yeye anajua vizuri wito ulitoka wapi.

Tuliishia kwa ngamia. Muslimo, mama mwenye nyumba wanayopanga, huuza maziwa, na alikuwa amemleta uani ngamia wake aliyezaa karibuni huko Balambala ili maziwa yawe karibu na wateja. Vincent akasimama langoni, akapiga makofi, akasema kwa sauti yake ya mimbari: "Aisee, ngamia amenona huyu! Tazameni kiwele! Garissa nzima hakuna mwenzake!"

Majirani wakangoja aseme mashallah. Mtoto wa chekechea hapa anajua kwamba ukisifu kitu cha mtu bila kumtaja Mungu, umekitupia jicho baya la kukidhuru. Vincent amekaa mtaani muda wa kutosha kujua bei ya miraa na majina ya wake wa watu, lakini hilo lilikuwa halijamfikia. Akasifu, akakohoa, akaingia ndani kula.

Asubuhi ngamia hakuinuka. Alilaza shingo chini, akakataa majani, akakataa maji, na kiwele kikakauka.

Wilkister hakuamini kwamba maneno yanaweza kuangusha ngamia. Lakini alikuwa ameishi na Vincent muda wa kutosha kujua kwamba yanaweza kuangusha karibu kila kitu kingine.

Sasa sikilizeni ni nini hasa mwanamke huyu alikuwa nacho cha kupoteza, maana si nyumba tu.

Alipofika Waberi, wanawake walikuwa wakiupita mlango wa zahanati na matumbo yao, wanakwenda kuzalia nyumbani. Nani amwamini mtu wa bara asiyejua hata kusalimia? Muslimo ndiye aliyemshika mkono akamtembeza nyumba kwa nyumba. "Hii mdomo yake ni kufuli," aliwaambia. Na ikawa kweli. Wilkister anajua nani anameza vidonge mumewe asijue, nani alilia usiku wa harusi, mtoto wa nani alizaliwa na kasoro gani. Hajawahi kumwambia mtu, na hasa hajawahi kumwambia Vincent. Kufuli hilo ndilo kazi yake. Vyeti vimetundikwa ukutani tu.

Katika kufuli hilo kulikuwa na siri moja nzito kuliko zote, na ilikuwa ya Ramla, binti wa pekee wa Muslimo.

Ramla alikuwa amekuja chumbani kwa Wilkister kabla ya mkasa wa ngamia, saa ya jua kali, mtaa umelala. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Kila moja ilikuwa imetangazwa, ikashangiliwa, ikachinjiwa mbuzi, kisha ikaliliwa. Hii ya nne ilikuwa imevuka umri ambao zile hazikufikia.

"Mume yangu anajua, na wewe unajua," Ramla alisema. "Hooyo, mama yangu, hajui. Akijua atafurahi, akifurahi atasema. Na watu wakisema tu, abaayo, dada yangu, mimi nitazika hata hii."

"Mimi sijaona mtu wala sijasikia kitu," Wilkister alimwambia.

Ramla akalitazama pazia lililogawa chumba. Nyuma yake Vincent alikuwa akikoroma.

"Na huyu?"

"Huyu akilala ni gogo."

Ukumbukeni huo mkoromo.

Basi, siku ile ngamia aligoma kuinuka, Muslimo alikuja mlangoni kwa Wilkister na hakuingia. Mwanamke aliyezoea kuingia bila hodi alisimama nje kama mpangaji ni yeye. Wilkister aliumia kuliko kama angetukanwa.

"Abaayo," Muslimo alisema, "kaka yangu Kulow amekuja toka Balambala. Baada ya swala ya asri mzee yako akuje hapo uani. Tunataka maji yake tu."

"Maji yake?"

"Aoshe mikono na uso ndani ya beseni, sisi tutamwagia ngamia. Hakuna mtu anasema yeye mbaya. Jicho inatoka hata kwa mtu anakubenda."

"Na akikataa?"

Muslimo aliutazama ukuta. "Kulow ndio mkubwa yetu. Akisema muhame, mimi siwezi kujibu. Na wewe ukihama hivyo, kwa sababu ya jicho, hawa wanawake sijui kama watakufuata."

Akaondoka. Wilkister akafunga mlango, akamgeukia mtumishi wa Mungu, ambaye alikuwa kitandani anakula njugu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ninawe mikono kwa ajili ya ushirikina? Mimi, mtu niliyeokoka?"

"Ni maji, Vincent. Mimi nakuomba unawe kila siku. Leo wameomba wengine."

"Hata Pilato alinawa, mke wangu. Unataka nifanane na Pilato?"

"Pilato alinawa huku anaongea. Wewe nawa unyamaze."

Vincent alitafuna njugu kwa uchungu wa mfia dini. Hapa niwaambie kwamba Jumapili iliyokuwa imepita, katika kanisa lao la mabati, mtu huyu alikuwa amehubiri juu ya kunyamaza. Hakika. Alipitia Mithali, akaeleza kwamba mpumbavu akiufumba mdomo watu humdhania ana busara. Akapitia Mhubiri, kwamba kila jambo na majira yake, kunena na kunyamaza. Akalieleza jambo la kunyamaza mpaka watoto wakalala, mpaka mzee wa kanisa akatoka kwenda kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Mahubiri marefu kuliko yote ya mwaka huo yalikuwa juu ya kusema kidogo.

Wilkister alikumbuka mahubiri hayo, akaona mahali pa kumshikia.

"Si ulitufundisha habari za rafiki za Ayubu? Walikaa naye chini kimya, wakafaa. Walipoanza kusema ndipo wakaharibu kila kitu."

Vincent aliacha kutafuna. Hakuna kitu kilichomlainisha kama kunukuliwa.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Neno kwa neno."

"Basi nitanyamaza," alisema, na tayari macho yake yalikuwa yameanza kutazama mbali kama mtu anayepigwa picha. "Nitanyamaza kama kondoo mbele ya wakata manyoya."

"Kondoo yeyote atatosha. Apa."

"Hatuapi, Wilkister. Ndiyo yetu ni ndiyo."

Ndiyo ya Vincent! Wilkister alikuwa amezisikia nyingi, na zote zingetosha kujaza gunia lisilofaa kitu. Lakini hakuwa na nyingine ya kushika, akaishika hiyo.

Baada ya asri mikeka ilitandikwa uani. Kulow aliketi katikati, mzee mrefu mwenye ndevu za hina na bakora yake magotini, na pembeni yake wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Muslimo alisimama karibu na ngamia wake. Wilkister alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, upande wa wanawake, mahali ambapo Vincent angeweza kumwona. Ramla alikuwa akipita na birika la chai.

Vincent alitoka amevaa suti. Wilkister alitaka ardhi impasukie. Mtu anaitwa kunawa mikono, yeye anavaa suti.

"Finsent," Kulow alianza, "karibu. Bole kwa usumbufu."

Vincent aliinamisha kichwa kuitikia.

"Mimi sikuja kugombana. Wewe mgeni, mgeni hajui kila kitu. Watu wanasema uliongea juu ya hii ngamia na hukutaja Mungu. Ni kweli?"

Vincent akainamisha kichwa tena kukubali, polepole, kwa huzuni. Wilkister aliona koo lake linapanda na kushuka, maneno yanamsukuma kwa ndani kama watu kwenye mlango mwembamba. Hakuna lililotoka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimtazama mumewe na kujisikia anamheshimu, na hisia ile ilikuwa ngeni hata hakuitambua mara moja.

"Wengine hapa walikasirika," Kulow aliendelea. "Walisema maneno makali juu yako. Wewe umesikia hiyo maneno?"

Akainamisha tena.

"Na hujibu?"

Vincent alishusha macho. Wazee wale wawili walitazamana.

Beseni likaletwa. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanawa viganja, akanawa uso, akapangusa maji ya kidevuni yasipotee. Alifanya vizuri, sitamnyima hilo. Muslimo alilichukua beseni, akamwagia ngamia kuanzia kichwani hadi mgongoni huku midomo yake ikisoma.

Daktari wa mifugo alikuwa amempiga ngamia yule sindano mbili asubuhi. Sisemi ni sindano na sisemi ni maji. Nasema tu kwamba masikio yalicheza, shingo ikainuka, miguu ya nyuma ikasimama, ya mbele ikafuata, na mnyama akatembea mwenyewe hadi kwenye pipa akanywa kwa kelele. Uani watu walimshukuru Mungu, na Muslimo akaja moja kwa moja kwa Wilkister akaketi chini karibu na kigoda chake, bega kwa goti, kama siku zote.

"Abaayo, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisimama mlangoni kwako kama mdai."

"Yamepita," Wilkister alisema. Machozi yalimkaribia, akayarudisha.

Kulow aliinua bakora kuomba utulivu. "Mimi niliambiwa huyu mtu mdomo mingi. Niliambiwa ni redio. Leo mimi naona mtu mwenye akili. Ameulizwa, ametukanwa, amenyamaza. Hata vijana yetu hawawezi hiyo. Finsent, wewe mtu wa hekima."

Wazee wawili wakaitikia kwamba kweli, ni mtu wa hekima.

Yaani andiko lilitimia pale pale, mbele ya ngamia. Mpumbavu alifumba mdomo, na watu wazima wenye ndevu wakamdhania ana busara. Kama angelikunywa chai yake akarudi ndani, leo ningekuwa sina cha kuwaandikia, na Wilkister angekuwa na amani. Lakini mpumbavu hana shida na kunyamaza. Shida yake ni kwamba akishanyamaza, anataka watu wajue.

Wilkister aliuona uso wa mumewe ukivimba kwa sifa. Akaona mkono unashika goti. Akajua.

"Wazee wangu," Vincent alisema, na tayari alikuwa amesimama, "neno moja tu."

Wilkister alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Mke wangu ana kifua," Vincent aliwaeleza wazee. "Mzee Kulow amesema mimi ni mtu wa kunyamaza. Nataka nishuhudie kwamba ni kweli. Hapa mtaani naitwa redio, nami najua. Lakini wanaoniita redio hawajui ninayoyafunika. Mimi naweza kusikia jambo kubwa, jambo la furaha, la nyumba hii hii, nikalilalia kama sijalisikia. Nikakoroma juu yake."

Ramla alikuwa ameinama akimjazia mzee mmoja chai. Mkono wake ulisimama, na chai ikaendelea kumiminika hadi ikafurika kwenye sahani.

Mkoromo. Ule mkoromo ulikuwa wa uongo, na Wilkister, anayeweza kusikia moyo wa mtoto ndani ya mamake kwa kutega sikio kwenye kikombe cha mbao, alishindwa kusikia mwanaume anayejifanya amelala.

"Vincent," alisema. "Kaa chini."

"Ngoja, namaliza. Na kosa langu nimelielewa, wazee. Niliona kitu kizuri nikakisifu bila kumtaja Mungu. Leo nimefundishika. Sitarudia." Akageuka, akaielekeza ile mikono yake iliyonawishwa upande wa Ramla, kama mchungaji anayebariki. "Kwa hiyo hili nalisema mapema na nalisema sawasawa, mbele ya mashahidi, ili jicho lisipate nafasi. Mashallah, Ramla. Mashallah kwa huyo mtoto aliye tumboni."

Neno lenyewe alilitamka vizuri sana. Hata Kulow mwenyewe asingelitamka vizuri zaidi.

Wale wazee wawili wa kuitikia walitazama vikombe vyao, maana tumbo la mwanamke si jambo la kutajwa mbele ya wajomba zake, kwa mashallah wala bila mashallah. Kulow alishusha bakora taratibu mpaka ikagusa mkeka. Ramla aliweka birika chini, akaweka mkono tumboni, kisha akauondoa haraka kana kwamba umeungua.

Na Vincent alikuwa amesimama anatabasamu, anangoja wamshukuru.

Wilkister alikuwa amemdharau siku nyingi, lakini dharau ina mahali pake pa kukaa ndani ya nyumba, mtu huizoea kama kochi bovu. Hii ilikuwa chuki, na ilimjia safi. Alimtazama mtu yule katika shati lake lililokunjwa mikono, akafikiri: kati ya watu wote, huyu peke yake ndiye ambaye ningependa apigwe jicho.

Muslimo hakuwa akimtazama Vincent. Akisikia habari redioni, mtu mwenye akili haigombezi redio, huuliza habari imetoka wapi. Bega lake liliondoka kwenye goti la Wilkister. Akasimama, akamgeukia.

"Abaayo," alisema. "Ni kweli?"

Nyuma ya mgongo wa mamake, Ramla alikuwa akimtazama Wilkister moja kwa moja. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Sema hapana.

Wilkister akisema hapana, anamdanganya mwanamke aliyemfungulia milango ya Waberi yote, na tumbo la Ramla litamfichua kabla ya mvua kunyesha. Akisema ndiyo, amethibitisha mbele ya wanaume siri ambayo Ramla aliiweka kwake peke yake, na kesho hakuna mwanamke atakayevua buibui mbele yake tena. Kimya ndicho kilichomlisha hapa miaka yote. Alikitafuta sasa, akakuta nacho kimekuwa jibu.

"Mimi mamake," Muslimo alisema. "Wewe ulijua, mimi sikujua?"

Ngamia aliendelea kunywa. Kulow alikuwa ameinua uso. Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa langoni, wale wale waliojifungulia mikononi mwa Wilkister, na kila mmoja wao alikuwa akiifikiria siri yake mwenyewe.

Vincent alipiga hatua moja, akamwekea mkewe mkono begani. Bado ulikuwa na unyevu.

"Jibu, mke wangu," alimwambia kwa upole. "Mama anakuuliza. Mbona umenyamaza?"